MAISHA YA CARL AKELEY: Simba wa Nandi walivyomlazimisha fundi kuunda kamera upya

SWALI linalowasumbua wapiga picha wengi wa Kericho, Litein, Sotik na Bomet si geni. Kamera mpya zisizo na kioo ndani zimeenea sokoni, na anayelipwa kupiga picha za harusi, za koito au za mahafali anataka kujua kama lenzi alizozinunua kwa jasho miaka iliyopita zitaingia katika kamera hizo, au itambidi aziuze kwa bei ya kutupa na kuanza upya.

Ni swali la fedha kabla ya kuwa la sanaa. Kamera huzeeka upesi, lakini lenzi nzuri yaweza kumtumikia mwenyewe kwa miongo miwili au mitatu, na aghalabu huwa imemgharimu zaidi ya kamera yenyewe.

Zaidi ya miaka 100 iliyopita, katika nyanda zizo hizo za juu za magharibi mwa Kenya, kaskazini ya mashamba ya majani chai ya leo, Mmarekani mmoja alikabiliwa na swali la ukoo huo. Hakuwa na adapta wala duka la kukimbilia. Alirudi kwao akaunda kamera yake mwenyewe, pamoja na namna yake ya kuzifunga lenzi, na kamera hiyo ikaja kutumika vitani, Hollywood, katika barafu za kaskazini mwa dunia na katika misitu ya Kongo.

Mtu huyo ni Carl Ethan Akeley. Wengi wanaomjua humjua kwa wanyama waliokaushwa wanaosimama katika makavazi ya Marekani kana kwamba wako hai. Wachache hukumbuka kwamba miaka 16 baada ya kushindwa Nandi, alirejea Afrika Mashariki kurekodi kile kilichomponyoka, na safari hiyo waliosimama na mikuki mbele ya kamera walikuwa Wakipsigis.

Akeley alizaliwa Mei 19, 1864, katika familia ya wakulima huko Clarendon, jimbo la New York. Shule hakuipata nyingi. Tangu utotoni alivutiwa na ufundi wa kuhifadhi ngozi za ndege na wanyama, kazi ambayo majirani waliiona kuwa mchezo wa mtu asiyependa jembe.

Akiwa na miaka 19 alikwenda mji wa Rochester kujiunga na karakana ya Ward, iliyokuwa ikiyauzia makavazi na vyuo vielelezo vya viumbe. Humo alikuta ufundi wa kubahatisha. Ngozi ya mnyama ilining'inizwa, ikajazwa nyasi kavu na vitambaa hadi ikavimba, kisha ikashonwa. Mnyama aliyetoka hapo alifanana na mto wa kulalia kuliko alivyofanana na mnyama.

Mwaka wa 1885 ndovu mashuhuri wa sarakasi, Jumbo, aligongwa na gari la moshi huko Ontario, Canada, na karakana ya Ward ikapewa kazi ya kumhifadhi. Akeley, aliyekuwa kijana wa miaka 21, alikuwa mmoja wa mafundi walioifanya.

Ni vyema kutaja kwamba katika mji uo huo wa Rochester, miaka iyo hiyo, kijana mwingine kwa jina George Eastman alikuwa akitengeneza mabamba ya picha, na mwaka wa 1888 angeuza kamera ya kwanza yenye jina la Kodak. Njia zao zingekuja kukutana nchini Kenya, mmoja akiwa tajiri wa kupindukia na mwingine akiwa amebakisha miezi michache ya kuishi.

Kutoka Rochester, Akeley alihamia Milwaukee, ambako mwaka wa 1890 aliunda onyesho la panya-maji wakiwa katika makao yao, pamoja na maji, majani na mandhari iliyochorwa nyuma. Baadaye alienda Chicago kufanya kazi katika makavazi yanayojulikana leo kwa jina la Field. Huko ndiko alikoukamilisha ufundi wake. Badala ya kujaza ngozi nyasi, alifinyanga mwili wa mnyama kwa udongo, msuli kwa msuli, akautolea kalibu, akatengeneza umbo jepesi lenye uwazi ndani, kisha akaivisha ngozi juu yake.

Ufundi huo ulidai jambo moja ambalo lingemfikisha kwenye kamera. Ili kufinyanga msuli wa simba anayeruka, ni sharti mtu awe ameuona msuli huo ukifanya kazi. Mzoga haumwonyeshi. Picha mnato humwonyesha nukta moja tu ya mruko. Akeley alihitaji picha zinazotembea.

Safari yake ya kwanza Afrika ilikuwa mwaka wa 1896, hadi Somalia ya Waingereza. Jioni moja alimjeruhi chui kwa risasi, naye chui akamrukia na kumng'ata mkono. Risasi zilikuwa zimekwisha. Akeley aliusukuma mkono uliokuwa kinywani ndani zaidi kooni, akamkandamiza mnyama huyo chini kwa magoti hadi akafa. Picha yake akiwa na bendeji mikononi, kando ya chui aliyening'inizwa, imezunguka dunia tangu hapo.

Alirudi Afrika mwaka wa 1905, mara hii Kenya, iliyokuwa ikiitwa Himaya ya Afrika Mashariki ya Uingereza, akiandamana na mkewe Delia. Ndovu wawili wanaopigana katika ukumbi mkuu wa makavazi ya Field hadi leo walitokana na safari hiyo, na mmoja wao alipigwa risasi na Delia. Ni katika safari hiyo pia ambapo kijana Mkikuyu, Wimbia Gikungu, ambaye Wamarekani walimwita Bill, alianza kufuatana na Akeley. Uhusiano wao, wenye ugomvi na suluhu nyingi, ulidumu hadi kifo cha Akeley.

Mikono yake haikujua kutulia. Mwaka wa 1907, kuta za nje za jengo la makavazi mjini Chicago zilipokuwa zikibomoka, alivumbua mtambo wa kurusha saruji kwa nguvu ya hewa. Wajenzi wa mahandaki na mabwawa wangali wanautumia mtambo wa ukoo huo ulimwenguni kote, na wengi wao hawajui kwamba ulibuniwa na fundi wa kukausha wanyama.

Safari iliyombadilisha ilianza mwaka wa 1909, sasa akiwa ametumwa na Makavazi ya Historia ya Viumbe ya New York. Mwishoni mwa mwaka huo alikutana na aliyekuwa Rais wa Marekani, Theodore Roosevelt, karibu na Mto Nzoia, na Roosevelt pamoja na mwanawe Kermit wakaua ndovu kwa ajili ya kundi ambalo Akeley alitaka kuliunda.

Roosevelt alikuwa amejionea jambo la kustaajabisha huko Uasin Gishu: vijana wa Kinandi, wakiwa na ngao na mikuki pekee, wakimzingira simba dume katika nyika na kumuua. Akeley naye akataka kulirekodi tukio hilo kwa kamera ya filamu. Mwaka wa 1910 aliwakusanya wapiganaji wa Kinandi na kuanza kazi.

Mikuki ilitimiza wajibu wake. Kamera ilishindwa.

Ili kuelewa kwa nini, msomaji aikumbuke kamera ya filamu ya zama hizo. Ilikuwa sanduku juu ya stendi ya miguu mitatu. Kulikuwa na mkono wa kuzungusha ili filamu ipite ndani. Kulikuwa na mkono wa pili wa kuigeuza kamera kushoto na kulia, na wa tatu wa kuiinua na kuiinamisha. Mpiga picha ana mikono miwili tu. Kwa mwigizaji anayetembea taratibu jukwaani, kamera hiyo ilitosha. Kwa simba anayechomoka majanini kuelekea duara la mikuki, mambo yalikwisha kabla ya mpiga picha kuigeuza mashine.

Tena, mpiga picha hakuwa akiona kile ambacho lenzi iliona. Alitazama kupitia kitundu cha pembeni kilichomwonyesha takriban tu. Hakujua kwa hakika kama taswira imekaa sawa au imefifia mpaka filamu ioshwe, na huenda hapo amesharudi Nairobi au hata New York. Na akitaka kubadilisha lenzi, kutoka ya karibu hadi ya mbali, ilimlazimu kurekebisha pia kile kitundu, kwa sababu macho mawili ya kamera yake hayakuwa na uhusiano wowote.

Simba kadhaa waliuawa siku hizo, na Akeley akaondoka bila picha aliyoitaka.

Katika safari iyo hiyo nusura afe. Akiwa katika miteremko ya Mlima Kenya, ndovu dume alimvamia ghafla. Akeley aliyashika mapembe mawili akajitumbukiza kati yake, yakazama ardhini pande zote mbili za mwili wake. Mkonga ulimponda uso, ukamvunja pua na kumchana shavu, na mbavu zake zikavunjika. Wasaidizi walimdhania amekufa. Habari zilipomfikia Delia kambini, alikusanya wapagazi na kwenda kumtafuta msituni, na ndiye aliyemwokoa.

Wiki za kuuguza mwili zilimpa nafasi ya kuwaza. Alipata picha ya ukumbi mmoja mkubwa ambamo Afrika yote ya wanyama ingeonyeshwa, kila kundi katika mandhari yake halisi. Kuhusu kamera, alikuwa amekwisha amua kwamba hatanunua nyingine. Ataiunda.

Alirejea Marekani mwaka wa 1911 na kuanza kazi hiyo. Hataza aliipata mwaka wa 1915. Kamera ya Akeley haikufanana na nyingine yoyote: ilikuwa duara kama chungu bapa, na wapiga picha wa Marekani wakaibandika jina la chapati yao. Umbo hilo halikuwa la urembo. Pazia la kuruhusu mwanga lilizunguka ndani ya ukuta wa duara hilo, likafunguka kwa nyuzi 230, wakati nyingi za wakati huo zilifunguka karibu nyuzi 180 au pungufu. Mwanga mwingi zaidi uliifikia filamu, jambo lenye thamani kubwa kwa anayefanya kazi msituni au jioni.

Mikono miwili ya kugeuza na kuinamisha aliiondoa, akaweka mpini mmoja. Kwa mkono mmoja mpiga picha aliweza kuielekeza kamera popote, huku magurudumu mazito ndani ya kichwa cha stendi yakizuia mtikisiko. Mkono wa pili ulibaki huru kuzungusha filamu. Kitundu cha kuchungulia alikiweka bawaba, hata kamera ikielekezwa juu mtini, jicho la mpiga picha lilibaki pale pale.

Lakini kiini cha uvumbuzi huo kilikuwa lenzi. Akeley alizifunga mbili mbili, pacha, zenye urefu sawa, katika ubao mmoja. Moja ilipeleka taswira kwenye filamu, nyingine kwenye jicho. Ukiisogeza hii, ile nayo husogea. Taswira ikiwa kali machoni, ni kali kwenye filamu pia. Ukitaka kubadilisha, unauchomoa ubao mzima na kuchomeka mwingine kwa muda mfupi, na macho yote mawili yanabadilika pamoja.

Gharama yake ni rahisi kuihesabu. Mwenye kamera ya Akeley hangeweza kuokota lenzi moja nzuri ya kampuni nyingine na kuifunga tu. Alihitaji mbili zinazolingana, na fundi wa kuzioanisha. Uhuru wa kumfuata simba ulinunuliwa kwa kifungo cha aina nyingine, na kifungo hicho anakijua vyema kila aliyewahi kununua lenzi ya Canon akiwa na kamera ya Nikon.

Historia ya kamera tangu wakati huo, kwa kiasi kikubwa, ni historia ya kuliondoa lile jicho la pili. Baadaye kulikuja kamera yenye kioo ndani, kinachoirusha juu taswira ya lenzi moja hadi kwenye jicho, kisha kikanyanyuka pale kitufe kinapobonyezwa. Nikon walianza mlango wao wa lenzi unaoitwa F mwaka wa 1959. Canon walianza wa EF mwaka wa 1987. Kamera nyingi zilizopiga picha za harusi Kericho na Bomet katika miaka ya 2000 na 2010 ni za koo hizo mbili.

Kioo hicho kinahitaji nafasi ya kunyanyukia. Ndiyo maana katika kamera za Nikon za aina hiyo, umbali kutoka pete inayoshika lenzi hadi kwenye sensa ni milimita 46.5, na katika za Canon ni milimita 44. Kamera mpya hazina kioo. Sensa yenyewe hupeleka taswira kwenye kiwambo kidogo mbele ya jicho. Nafasi ile haihitajiki tena, na mwaka wa 2018 Nikon walipoanza mlango wa Z waliupunguza umbali huo hadi milimita 16, na Canon katika mlango wa RF hadi milimita 20. Sony walikuwa wametangulia na mlango wa E wa milimita 18.

Jibu la swali la mpiga picha wa Litein limo katika tarakimu hizo. Lenzi ya zamani ilitengenezwa ikae mbali na sensa, na kamera mpya ina mwili mwembamba. Basi pete tupu ya milimita 30.5 kwa Nikon, au 24 kwa Canon, inaijaza tofauti hiyo na lenzi inaona kama ilivyoona zamani. Hakuna kioo cha ziada kinachohitajika katika adapta, na ubora wa taswira haupotei. Kinyume chake hakiwezekani. Lenzi mpya ikifungwa kwenye kamera ya zamani itakaa mbali mno na sensa na haitaweza kulenga kitu kilicho mbali.

Kuingia, hata hivyo, si kufanya kazi zote. Lenzi za EF za Canon, kupitia adapta ya kampuni hiyo, hulenga zenyewe bila tatizo kwenye kamera za RF. Kwa Nikon, zile zenye mota ndani, yaani zilizoandikwa AF-S au AF-P, hulenga zenyewe kupitia adapta iitwayo FTZ. Zile za zamani zaidi za AF na AF-D, ambazo zilitegemea mota iliyokuwa ndani ya kamera, huingia na kupiga picha, lakini adapta hiyo haina mota ya kuzizungusha. Mpiga picha atalenga kwa mkono. Kwa picha ya familia iliyosimama kwenye majani chai, hilo si neno. Kwa bibi harusi anayecheza, ni vyema kufikiri mara mbili kabla ya kuiuza kamera ya zamani.

Hata lenzi za filamu za zama za Akeley zimepata uhai mpya kwa sababu ya wembamba huo, ingawa fundi huhitajika kuzichongea pete. Fremu ya filamu ya wakati ule ilikuwa takriban milimita 25 kwa 19. Sensa kubwa ya leo ni 36 kwa 24, hivyo pembe za picha huwa giza. Lakini kwenye sensa ndogo ya takriban 23.5 kwa 15.6, iliyo katika kamera nyingi za bei nafuu, lenzi hizo hutoshea karibu kabisa.

Tumrejelee Akeley. Marekani ilipoingia katika Vita Vikuu vya Kwanza, jeshi lake lilizinunua kamera hizo kwa matumizi ya uwanja wa vita. Baada ya vita zikasambaa. Robert Flaherty alibeba mbili kaskazini mwa Canada mwaka wa 1920 kupiga filamu ya Nanook of the North, kwa kuwa zilihitaji grafiti badala ya mafuta ambayo yangeganda kwa baridi. Msanii Paul Strand alinunua yake mwaka wa 1922 na kuifanya chombo cha kujipatia riziki. Hollywood ikazitumia kwa farasi, magari na ndege, zikiwemo picha za angani za filamu ya Wings ya mwaka wa 1927, na wapiga picha waliobobea katika kuzitumia wakawa kundi la pekee lililolipwa kwa ujuzi huo.

Mwenyewe aliipeleka Kongo ya Wabelgiji mwaka wa 1921, katika milima ya Mikeno, Karisimbi na Visoke. Alikwenda kuua gorila kwa ajili ya ukumbi wake, naye aliwaua. Lakini pia aliwarekodi kwa kamera yake wakiwa hai katika msitu wao, picha za kwanza za aina hiyo duniani. Gorila aliyekuwa akisimuliwa kama shetani wa msituni alionekana akitafuna majani pamoja na wanawe.

Hapa maisha ya Akeley yana mgongano ambao waandishi wengi wa habari zake huupita haraka. Mtu aliyewaua aligeuka kuwa mtetezi wao mkubwa. Alitumia jina lake na marafiki wake kuishawishi serikali ya Ubelgiji, na mwaka wa 1925 Mfalme Albert wa Kwanza akatangaza Hifadhi ya Albert, inayojulikana leo kama Virunga, hifadhi ya taifa ya kwanza barani Afrika. Gorila waliokaushwa wako New York. Wajukuu wa wale waliobaki wako Virunga. Yote mawili ni kazi ya mtu mmoja.

Ndoa yake na Delia ilikuwa imevunjika mwaka wa 1923, na mwaka uliofuata alimwoa Mary Jobe, mpanda milima aliyejijengea jina Canada. Mwaka wa 1926 walifika Kenya pamoja kwa safari kubwa kupita zote. Waliolipa gharama walikuwa Daniel Pomeroy na George Eastman, yule yule wa Kodak na wa Rochester. Eastman, aliyekuwa na zaidi ya miaka 70, alikuja mwenyewe. Wachoraji William Leigh na Arthur Jansson walikuja kuchora mandhari.

Akeley hakuwa amelisahau deni la 1910. Akishirikiana na Martin na Osa Johnson, wenzi Wamarekani waliokuwa wakiishi na kupiga filamu Marsabit, alikwenda katika nyika za Tanganyika kurekodi uwindaji wa simba kwa mikuki. Safari hii hawakuwa Wanandi tu waliotajwa. Walioletwa walikuwa Walumbwa, jina ambalo Wazungu wa zama hizo waliwaita Wakipsigis, na ambalo Wakipsigis wenyewe hawakulipenda. Kituo cha reli kilichobeba jina hilo huitwa Kipkelion sasa.

Inafaa kukumbuka hali ya kwao wakati huo. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, serikali ya kikoloni ilikuwa imetwaa ardhi ya Wakipsigis karibu na Kericho na kuwapa maafisa wa Kizungu waliojeruhiwa vitani. Wakulima hao walipanda kitani wakafilisika, na ardhi ikaishia mikononi mwa kampuni. Katikati ya miaka ya 1920 Brooke Bond na James Finlay zilikuwa zikianza mashamba ya majani chai ambayo mgeni wa leo huyaona kama kwamba yalikuwako tangu kuumbwa kwa dunia. Ndiyo kusema, wakati vijana hao walipokuwa wakirekodiwa kama watu wa Afrika isiyobadilika, vilima vya kwao vilikuwa vikibadilishwa kwa kasi ambayo haijapata kuonekana.

Kamera hiyo ya duara iliufuata mkuki na simba kama ilivyokusudiwa. Picha za uwindaji huo ziliingia katika filamu ya akina Johnson, Simba, iliyotolewa mwaka wa 1928 na kutazamwa na umati mkubwa Marekani. Watazamaji waliambiwa kwamba hao ni Walumbwa. Akeley hakuiona ikikamilika.

Aliugua Tanganyika, akaletwa Nairobi kutibiwa, na alipopata nafuu kidogo akakataa kurudi Amerika. Alitaka kuwaona gorila tena na kumwonyesha mchoraji Leigh mahali hasa ambapo mandhari ya onyesho lao ilipaswa kuchorwa. Mary, Gikungu na wengine walipanda naye kwenye bonde la Kabara, kati ya Mikeno na Karisimbi, kwenye baridi na mvua. Sehemu ya njia ilibidi abebwe. Alifariki hapo Novemba 17, 1926, akiwa na miaka 62, akazikwa pale pale.

Mary alibaki na kuikamilisha kazi ya safari hiyo. Leigh alichora. Ukumbi ulifunguliwa New York mwaka wa 1936 ukiitwa kwa jina la Akeley, na mandhari iliyo nyuma ya gorila wake ni ya milima ile ile anakolala.

Eneo la Kabara halikubaki tupu. Mwaka wa 1959 mtaalamu George Schaller alipiga kambi hapo kuwachunguza gorila wakiwa hai bila bunduki, na mapema mwaka wa 1967 Dian Fossey akaanzia hapo utafiti wake, kabla ya machafuko ya Kongo kumfukuza huko mnamo mwezi wa Julai.